Nilisema Yuko Dodoma

Naomba nianze na uongo wangu, maana nikianza na mazuri mtadhani nilikuwa mama wa kupigiwa mfano tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2018, ofisini kwetu hapa Dar, kila aliyeniuliza mtoto mkubwa yuko wapi siku hizi nilimjibu, "Yuko Dodoma." Basi. Sikuongeza neno. Aliyesikia Dodoma akajaza mwenyewe kwamba ni chuo kikuu. Wengine walichimba zaidi, "Anachukua nini pale UDOM?" nami natabasamu na kugeukia kompyuta kama mtu aliyekumbuka kazi ya haraka. Ni kweli binti yangu alikuwa Dodoma. Ila hakuwa chuoni. Alikuwa Makutupora, kambi ya JKT, nywele zimekatwa, anakimbia mchakamchaka kabla jua halijatoka.

Kwa nini nilificha? Wewe unayeishi mjini unajua. Ukisema mtoto wako ameingia jeshini, swali la kwanza ni, "Kwani alipata divisheni ngapi?" Kama vile jeshi ni mahali pa kutupia walioshindwa. Wangu alipata divisheni ya pili kidato cha sita, na alishaanza kusoma sheria chuo kikuu. Aliacha mwenyewe, kwa miguu yake na akili zake timamu. Hilo ndilo lililonishinda kulieleza, kwa sababu mwenyewe nilikuwa silielewi.

Mbaya zaidi, ofisini tulikuwa na mama mmoja mhudumu, yule anayetuletea chai saa nne. Kijana wake naye alikuwa Makutupora, kundi moja na binti yangu. Yule mama alitangaza kwa kila mtu. Akiweka kikombe mezani anasema, "Jamani, mwanangu yuko jeshini huko, mniombee." Nami namjibu, "Hongera mama," halafu nakoroga chai. Kila siku. Miezi mitatu nzima nakoroga chai tu.

Bukta ya bluu yenye mpira

Tuanzie pale mambo yalipoanzia. Binti yetu, kifungua mimba, alimaliza kidato cha sita Mei 2017. Kama mnavyojua, vijana wa kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Jeshi la Kujenga Taifa ni la siku nyingi, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na wasomi wa enzi za mume wangu walilazimika kulipitia. Yeye alikwenda mwaka 1991 na mpaka leo ukimpa nafasi atakusimulia jinsi alivyolima mahindi huku akiimba. Mwaka 1994 utaratibu huo ukasitishwa kwa sababu ya hali ya uchumi, na mimi niliyemaliza baadaye nikaponea hapo. Ukarudishwa mwaka 2013.

Kwa hiyo nikahangaika Kariakoo na orodha mkononi: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari. Alipangiwa Mlale, Songea, kwa hiyo nikaongeza na sweta zito. Nilikuwa nacheka. Nilijua ni miezi mitatu tu, atarudi analia, halafu maisha yaendelee.

Alirudi ameiva na jua, halii. Akawa anaamka saa kumi na moja bila kuamshwa. Kitanda chake kilinyooka utadhani kimepigwa pasi. Ugali wa dona aliokuwa anaubagua tangu utoto akawa anaula mpaka anasugua sahani. Tukafurahi, tukamsindikiza chuo mwezi wa kumi, nikamnunulia na begi jipya la ngozi la kubebea vitabu. Wakili wangu huyo.

Kisha ikaja Desemba. Tarehe 7 Desemba 2017, waasi walivamia kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo. Habari za kwanza zilitaja askari wa Tanzania 14 waliouawa. Mnakumbuka nchi ilivyonyamaza siku zile, majeneza yamefunikwa bendera. Binti yangu alikuwa nyumbani wikiendi ile. Alikaa chini kwenye zulia, mbele kabisa ya televisheni, kama alivyokuwa anakaa kuangalia katuni akiwa na miaka mitano. Hakusema kitu.

Siku chache baadaye akatuita mimi na baba yake sebuleni. Akatuambia anataka kuacha chuo, arudi JKT kwa kujitolea, miaka miwili, na huko akipata nafasi aombe jeshi. Niliona kama mtoto amelogwa. Watu wanazika, wewe ndio unataka kwenda! Nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea hotuba ya uzalendo ili niivunjevunje. Akasema tu, "Mama, kule nilikuwa najua naamkia nini."

Mpaka leo sijapata jibu la sentensi ile.

Ndoto ya nani?

Sasa hapa nawasema na nyie wawili wawili mnaosoma gazeti hili kitandani, mmoja anasoma mwingine anachungulia. Mkidhani ndoa hupimwa na hela au na nyumba ndogo, subirini mtoto afikishe miaka kumi na tisa.

Mume wangu alikubali palepale. Hakuomba hata usiku mmoja wa kufikiria. Nikamgeukia yeye, binti nikamwacha. Tulipofunga mlango wa chumba nilimwambia maneno ambayo nilikuwa nayo moyoni kumbe kwa miaka: kwamba yeye ndiye alitaka kuwa mwanajeshi, akakatazwa na mama yake, na sasa anamtumia mtoto kumalizia kiu yake.

Hapa inabidi nieleze. Mume wangu ni mtu wa Muleba, Kagera. Kaka yake mkubwa alikuwa kijana wa JKT wakati majeshi ya Idi Amin yanavamia Kagera, Oktoba 1978. Vijana wa JKT na mgambo walichukuliwa kwa maelfu kuongeza nguvu jeshini. Alivuka mpaka na wenzake. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, yeye hakuiona. Amelazwa Kaboya, palepale wilayani kwao, pamoja na mamia ya wenzake. Mume wangu alikuwa na miaka tisa. Alipokua akasema naye anataka jeshi, mama mkwe akamjibu neno moja tu: mmoja anatosha.

Basi nilipomrushia hilo, mume wangu alikaa kimya. Halafu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Na ile sheria ya chuo kikuu ni ndoto ya nani?"

Jamani. Nilitaka kuwa wakili. Nilikosa nafasi, nikasomea bima.

Nilinuna wiki tatu. Si kununa kwa kawaida, ni kule kwa kupika, kupakua, kuweka mezani na kusema "chakula tayari" ukutani. Tulilala kama abiria wawili wa basi la usiku. Binti yangu alikuwa anatuangalia tu, na najua alijiona yeye ndiye mkosaji. Hilo najuta kuliko hata ule uongo wa ofisini. Wanandoa mkigombana juu ya mtoto, mtoto hasikii hoja, anasikia jina lake tu.

Mwisho mume wangu hakunibembeleza, wala mimi sikuomba radhi. Kilichotokea ni kwamba nafasi zilitangazwa kupitia wilaya, akatokea jirani mmoja eti ana mtu wake anaweza "kumsukuma" kwa milioni moja na nusu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu mimi na mume wangu tukasema kitu kimoja kwa sauti moja: hapana! (Nanyi mjihadhari. Nafasi hizo haziuzwi, na jeshi lenyewe limeonya mara nyingi juu ya matapeli hao. JKT nayo husema wazi kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira. Mtoto wa yule jirani alilipiwa, hakuitwa popote, na hela haikurudi.) Tulipomaliza kumfukuza yule mtu tukajikuta tunacheka. Ndivyo tulivyopatana. Binti akafanya usaili kama watu wengine, akapita.

Chumba cha kulala wageni

Mafunzo ya awali yalipokwisha, wazazi tukaalikwa kwenye sherehe ya kufunga. Mume wangu akakata tiketi tatu za basi. Ya tatu ilikuwa ya mama yake, ambaye wakati huo alikuwa anaishi kwetu Tabata, umri unakaribia themanini, magoti mabovu. Nikamwambia mama, safari ni ndefu. Akasema, "Kwani nitatembea kwa miguu?"

Tulifika jioni. Mume wangu alilala na wanaume wengine, mimi na mama mkwe tukashirikiana chumba kimoja cha nyumba ya wageni, vitanda viwili, feni moja inayolia. Taa ilipozimwa nikadhani amelala. Akaanza kuongea.

Miaka ishirini nimeolewa kwake, hakuwahi kuniambia habari za yule mwanawe zaidi ya picha iliyokuwa ukutani. Usiku ule akaniambia namna walivyokuja kumpa taarifa. "Walikuja watu wazima, wenye heshima. Wakaniambia, mama, jivunie. Nikajivunia. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilipenda aende."

Nikamuuliza, "Ulipenda, mama?"

Feni ikazunguka weee.

"Nilipenda. Ndilo linaloniuma. Nilimfungia mzigo mwenyewe, nikamtia na kahawa ya kutafuna. Nikapita nyumba hadi nyumba nasema mwanangu kaenda kupigana na Amin. Watu wa Kyaka walikuwa wanakimbilia kwetu na magodoro kichwani, mimi natembea kifua mbele." Akajigeuza, kitanda kikalia. "Mimi nilimtangaza wangu, wewe unamficha wako. Najua unamficha. Nakusikia kwenye simu."

Nilitamani shuka inimeze. Sikujua cha kusema, nikasema samahani. Akasema, "Kesho ukimwona, usimtazame kama mtu aliyekufa." Halafu akaanza kukoroma, palepale. Mimi sikupata usingizi.

Asubuhi tukaenda. Kama hujawahi kukaa kwenye jukwaa la wazazi, nikueleze: bendi inapoanza, hata kama ulikuja umekunja uso, mwili unakusaliti. Wakaingia uwanjani, mamia, wote wamevaa sare moja, kofia zimeshushwa, mikono inapanda na kushuka pamoja. Mume wangu akaninong'oneza, "Yule pale, mstari wa pili, wa nne." Nikamwona. Nikaanza kulia. Nililia mwendo wa pole wote, nikalia mwendo wa haraka, nikalia wakati wa kiapo. Nilijisemea, tazama shingo ile, tazama anavyojiamini, huyu ndiye niliyekuwa namfuta pua. Mgeni rasmi akahutubia, sikumbuki hata sentensi moja.

Walipoachiwa kuja kusalimia wazazi, yule binti niliyemlilia akapita mbele yangu na kumkumbatia mama mwingine kabisa.

Wa kwangu alikuwa mstari wa tatu. Nilimlilia mtoto wa mwenzangu nusu saa nzima! Mume wangu mpaka leo anasimulia hiyo kwenye kila harusi.

Alipotokea, alitupita mimi na baba yake, akasimama wima mbele ya bibi yake aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki, akapiga saluti. Mama mkwe hakulia. Alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akavipapasa. "Imekuwa migumu," akasema. Akafungua fundo la kanga, akatoa kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba, ndani mna kahawa ya kutafuna ya kwao, akamwekea mkononi.

Mimi ndipo nikageuka kutafuta pa kufutia uso, nikagongana macho na mama yetu wa chai. Kavaa gauni la kitenge jipya, kashika chupa ya maji, kijana wake pembeni. Alinitazama, akamtazama binti yangu na ile sare, akanitazama tena.

"Ee," akasema taratibu. "Kumbe Dodoma yenyewe ndiyo hii."

Hakuna adhabu iliyowahi kuniingia vile. Angenisimanga ningejitetea. Hakunisimanga. Akanyoosha mkono akampa binti yangu, "Hongera afande," na akaniletea mwanawe nimsalimie. Jumatatu ofisini akaniwekea chai kama kawaida, hakusema kwa mtu yeyote. Ilibidi niseme mwenyewe. Nilisubiri mpaka saa nne, wote wakiwa wameshika vikombe, nikatangaza. Kulikuwa na ukimya kidogo, halafu mmoja akauliza, "Kwani alipata divisheni ngapi?" Nikamjibu. Mama wa chai akacheka mpaka akaweka sinia chini.

Kofia ya mabaka

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Alimaliza miaka miwili, akaomba jeshi, akachaguliwa. Shangazi zake wakalalamika kwamba masharti yanataka asiwe ameolewa. Mimi nikawaambia kwani kuna foleni ya wachumba hapo mlangoni? Mama mkwe alifariki mwaka 2020, tukamzika Muleba. Mjukuu wake aliomba ruhusa, akaja, na siku ya pili yake akaondoka asubuhi peke yake kwenda Kaboya. Hakutuambia alifanya nini huko nasi hatukuuliza.

Na mimi? Nikageuka upande wa pili, sasa nikawa kero. Picha yake kwenye simu, picha yake ofisini, kila kikao naanza na "binti yangu ambaye ni mwanajeshi." Nilinunua na kofia ya mabaka mabaka pale sokoni, nikawa natembea nayo Jumamosi. Alipokuja likizo akaniona nayo, akanivua kichwani bila hata salamu. "Mama, hii si pambo." Nikaona ananionea. Agosti 2023 jeshi likatoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe. Mume wangu ndiye aliyekwenda na kofia yangu, na akahakikisha majirani wote wanajua ni ya nani.

Kujivunia kuna kiasi chake. Nilipokuwa naficha, nilikuwa najifikiria mimi. Nilipokuwa natangaza, mara nyingi nilikuwa bado najifikiria mimi. Haya niliyaona vizuri mwaka 2022, alipotuambia anakwenda Kongo.

Mnajua Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizotoa askari wa ile brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 huko mashariki ya Kongo. Yeye alipelekwa upande wa Beni. Kwangu mimi Beni na Semuliki ni neno moja. Sikulia mbele yake. Nilimsaidia kufunga begi, na nikiwa nakunja soksi nikashtuka: nilikuwa nafanya kile alichofanya mama mkwe 1978, mikono ileile, begi lilelile. Nikamwambia ukweli. "Mwanangu, najivunia na sitaki uende. Yote mawili." Akasema, "Najua mama. Hata mimi."

Hata yeye! Miaka yote nilidhani haogopi.

Mwaka ule tuliishi kwa mtandao. Ujumbe ukiwa na alama moja tu, haujafika, mume wangu anatembea sebuleni. Zikija alama mbili, tunakula. Hakutuambia mambo ya kazi. Alitusimulia wamama wa sokoni, Kiswahili chao chenye ladha ya pekee, wanavyomwita dada na kumwambia "aksanti", na namna wasichana wadogo walivyokuwa wanamfuata wakimkagua viatu, hawaamini ni vya mwanamke. Mama wa chai, ambaye sasa amestaafu na kijana wake ni dereva wa malori huko jeshini, alinipigia kila Jumapili jioni. Hatukuwa na la maana la kuongea. Tunaulizana bei ya nyanya, tunakata simu.

Alirudi mwaka 2023, mzima. Alilala siku mbili. Nilikuwa nafungua mlango wa chumba chake polepole, naangalia shuka linavyopanda na kushuka, nafunga. Mara ya nne au ya tano akasema bila kufungua macho, "Mama, nakusikia."

Juzi nilikuwa napanga mizigo yake nikakuta kile kifurushi cha majani ya mgomba, kimekauka kabisa, kimefungwa vizuri ndani ya soksi nyeusi. Nikakitikisa. Buni bado zimo. Nikamuuliza mbona hukuzitafuna, zimeshaharibika hizi. Akaninyang'anya, akarudisha kwenye soksi, akafunga zipu ya begi.